Mama anachemsha goji kwa ajili ya macho, na anatumia warfarini

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 64. Ana kisukari kwa miaka 11 sasa, anatumia metformini na glibenklamidi, na tangu damu ilipoganda mguuni mara ya pili mwaka jana anatumia warfarini. Kwa miezi miwili hivi analalamika kuona ukungu, hasa jioni. Mjomba alimletea pakiti kubwa ya goji, yale matunda madogo mekundu yaliyokaushwa, kutoka Guangzhou, China, halafu jirani akamuuzia juisi na vidonge vya goji hiyo hiyo. Ameambiwa ina vitamini C mara 500 kuliko chungwa, inasafisha macho na kutibu kisukari. Kila asubuhi anachemsha kiganja kimoja, anakunywa maji yake na kutupa punje. Hii ni wiki ya tatu. Juzi nimegundua amepunguza metformini kwa sababu 'goji inatosha'. Nilipotaka kumkataza akaniambia macho yameanza kuwa mepesi, hata Biblia anasoma bila miwani. Nimkataze au nimwache? Na mimi nina miaka 36, sina ugonjwa wala dawa yoyote. Pakiti ni kubwa, naweza kula?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mimi ni mfamasia, si daktari wa macho, kwa hiyo nitakujibu kwa upande ninaoujua, yaani kilichomo ndani ya goji, namna kinavyoingia mwilini, na kinavyokutana na dawa ambazo mama tayari anazimeza. Lakini kuna mambo mawili ambayo hayasubiri maelezo.

Kwanza, mama aache goji leo, ya kuchemsha, ya juisi na ya vidonge, na apimwe INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, leo au kesho. Warfarini yenyewe asiiache wala asiipunguze kwa uamuzi wake. Pili, arudi kwenye kipimo cha metformini alichoandikiwa, na kama aliipunguza kwa sababu nyingine asiyokwambia (wengi huichoka kwa sababu ya tumbo kuvuruga), akamweleze daktari wake, maana zipo njia za kulipunguza tatizo hilo. Ukishayafanya hayo, haya mengine unaweza kuyasoma taratibu.

Haraka yangu inatokana na warfarini. Dawa hii njia yake ni nyembamba. Ikiwa kidogo mwilini, damu huganda tena. Ikizidi, damu haikati, na mtu anaweza kuvuja tumboni au kichwani bila kujikwaa popote. Ndiyo sababu mama hupimwa INR mara kwa mara, na kwa mtu aliyeganda damu mguuni kwa kawaida tunataka namba hiyo ikae kati ya 2 na 3. Ini ndilo linaloiondoa warfarini, likitumia zaidi kimeng'enya kiitwacho CYP2C9. Kitu chochote kinachokipunguzia kasi kimeng'enya hicho huifanya warfarini ya jana iwe bado ipo wakati ya leo inamezwa. Kwenye vipimo vya maabara goji imeonekana kukizuia, ingawa kwa unyonge, na huenda kuna njia nyingine zaidi ya hiyo.

Mwaka 2001 madaktari waliandika habari za mama mmoja wa Kichina mwenye miaka 61 aliyekuwa ametulia vizuri kwenye warfarini. Akaanza kunywa chai nzito ya goji, glasi tatu hadi nne kwa siku, na INR yake ikapanda hadi 4.1. Hakuna dawa nyingine iliyobadilishwa. Alipoacha chai, namba ikarudi chini. Mwaka 2012 ikaandikwa habari ya mama mwingine, huyu akiwa Marekani, aliyefikishwa hospitali akitokwa damu puani na njia ya haja kubwa baada ya siku chache tu za juisi ya goji. Habari hizi ni za mgonjwa mmoja mmoja, na kwa jambo lingine ningekwambia tusubiri ushahidi mkubwa zaidi. Kwa warfarini sisubiri. Hasara ya kuikosa goji ni ndogo mno ukiilinganisha na hasara ya kuvuja damu.

Mwangalie mama kwa siku hizi. Fizi zinazotoka damu akipiga mswaki, madoa ya bluu kwenye ngozi yasiyo na sababu, mkojo wenye wekundu, choo cheusi kinachonata kama lami. Ukiona mojawapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichwa kikimuuma ghafla na kwa ukali usio wa kawaida, au akianguka na kugonga kichwa, usisubiri hata kupambazuke. Jambo moja ambalo wengi hulisahau ni kwamba goji ikitoka mwilini INR inaweza kushuka, hivyo kipimo kirudiwe baada ya wiki moja au kadiri kliniki watakavyopanga. Waambie wazi kwamba alikuwa anatumia goji na ameiacha tarehe fulani. Wasipojua, wanaweza kupunguza warfarini leo kwa sababu ya namba kubwa, kisha wiki ijayo mama akabaki bila kinga ya kutosha.

Sasa macho, maana ndiyo yaliyoanzisha safari yote hii.

Uliponiambia mama anasoma Biblia bila miwani, wewe uliandika kama habari njema, mimi nikashtuka. Ndani ya jicho kuna lenzi, na lenzi hiyo hubadilika umbo kidogo sukari ya damu inapopanda au kushuka. Sukari ikipanda, mara nyingi mtu huanza kuona vizuri vya karibu na vibaya vya mbali. Mzee aliyezoea miwani ya kusomea anajikuta anasoma bila miwani, na kama kuna chai mpya ameanza wiki ile, chai ndiyo inayopewa sifa. Mtoto wa jicho anapoanza naye hufanya mchezo huo huo kwa muda. Mama amepunguza metformini, na karibu na hapo macho yamekuwa "mepesi" kwa kusoma. Sidai kwamba nimegundua ugonjwa nikiwa nimekaa huku kwenye kiti changu, lakini kabla ya kuishukuru goji ningeanza kwa kupima sukari yake asubuhi kabla hajala, na tena saa mbili baada ya chakula. Kwa sababu hiyo hiyo usikimbilie kumnunulia miwani mipya. Miwani iliyopimwa wakati sukari inapanda na kushuka itakuwa haimfai baada ya mwezi.

Ukungu wa miezi miwili kwa mtu wa kisukari cha miaka 11 una sababu nyingine inayonitia wasiwasi zaidi, nayo ni retina. Retina ni utando ulioko nyuma ya jicho unaopokea picha, na unalishwa na mishipa ya damu midogo kuliko uzi. Sukari ya juu ya miaka mingi huidhoofisha kuta za mishipa hiyo. Inaanza kuvujisha maji, na maji hayo yakituama katikati ya retina mtu anaona ukungu. Baadaye mishipa mingine huziba, jicho likajaribu kuotesha mipya, na hiyo mipya ni dhaifu na hupasuka. Ubaya wake ni kwamba hakuna maumivu. Leo kuna matibabu ya kweli, mionzi ya leza na sindano zinazochomwa ndani ya jicho (inatisha kuisikia, lakini jicho hutiwa ganzi kwanza), ila matibabu hayo huokoa zaidi macho yaliyobaki kuliko kurudisha yaliyokwisha kupotea. Goji haizibi mshipa unaovuja. Miezi miwili aliyongoja mama inatosha.

Mpeleke kwenye kliniki yenye daktari wa macho, si duka la miwani. Kama mko Dar es Salaam, hospitali za Muhimbili na CCBRT zina huduma hizo, na upande wa Moshi kuna hospitali ya KCMC. Aseme ana kisukari na aombe retina ichunguzwe. Watamtia matone ya kupanua mboni, kwa hiyo uende naye, maana kwa saa kadhaa atakuwa haoni vizuri vya karibu na jua litamchoma macho. Hata asingekuwa na ukungu, mtu wa kisukari anatakiwa kuchunguzwa retina kila mwaka, na nashangaa ni wangapi huniambia hawajawahi hata mara moja. Akiona ghafla vitu vyeusi vinavyoelea kama inzi au nyuzi, mimweko ya mwanga, au kama pazia linashuka upande mmoja, hiyo ni ya siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo tuulize goji imeingiaje kwenye habari za macho, maana haikuingia bure.

Goji ni tunda la kichaka cha jamii moja na nyanya, bilinganya, pilipili na mnavu wetu. Ngozi yake ni nyekundu, na ukiipasua mbichi utaona mbegu ndogo bapa zinazofanana na za nyanya. Nchini China huitwa gouqi, na imekuwa kwenye vitabu vyao vya tiba kwa karne nyingi. Katika tiba yao ini na macho vina uhusiano, na goji husemwa kuwa inalisha ini na figo na hivyo kung'arisha macho. "Ini" hilo ni la mfumo wao wa fikra, si kile kiungo tunachokipima damu maabara, kwa hiyo usiyachanganye. Goji yenye sifa kubwa hutoka Ningxia, kaskazini ya China, hasa wilaya ya Zhongning, kwenye mashamba yanayonyweshwa na Mto Manjano, na nyingine nyingi hulimwa Qinghai na Xinjiang. Chupa ya juisi ya mama huenda ina picha ya mlima wenye theluji na neno Himalaya. Picha hiyo ni ya muuzaji, mashamba yako kwingine.

Kilichomo ndani na chenye maana kwa jicho ni rangi iitwayo zeaksanthini. Katikati ya retina kuna doa dogo la manjano, wataalamu huliita makula, ambalo ndilo tunalosomea, tunalotambulia sura, tunalotungia uzi kwenye sindano. Umanjano wake umetengenezwa na rangi mbili, luteini na zeaksanthini, na kazi yake ni kama miwani ya jua iliyowekwa kwa ndani. Humeza sehemu ya mwanga mkali wa bluu kabla haujafika kwenye chembe za kuonea. Mwili hauwezi kuzitengeneza rangi hizo, ni lazima zitoke kwenye chakula. Goji ni miongoni mwa vyakula vyenye zeaksanthini nyingi kupita vyote tunavyovijua. Hapo wauzaji hawakukosea.

Lakini zeaksanthini haiyeyuki kwenye maji. Inayeyuka kwenye mafuta. Mama anachemsha goji, anakunywa maji, anatupa punje. Mwanangu, amekuwa akimpa jaa la taka sehemu ile iliyosemwa kuwa ya macho, na kubakiwa na maji matamu yenye sukari na vile vitu vingine vinavyoyeyuka majini, vikiwemo, kwa kadiri ninavyoona, vile vinavyogombana na warfarini. Mwaka 2006 watafiti wa Hong Kong walionyesha kwamba goji iliyosagwa kwenye maziwa ya moto, ingawa yalikuwa yameondolewa mafuta, iliingiza zeaksanthini kwenye damu mara tatu hivi kuliko ile iliyotengenezwa kwa maji. Wachina wenyewe wanaoijua goji hutafuna punje zilizobaki chini ya kikombe, au huipika kwenye supu yenye mafuta ya kuku.

Na je, mtu akiila vizuri inasaidia? Utafiti ninaoupenda kwa sababu ulitumia tunda lenyewe, na si vidonge, ulifanyika Chuo Kikuu cha California, Davis, na kuchapishwa mwaka 2021. Watu 27 wenye afya, wa miaka 45 hadi 65, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikula gramu 28 za goji kavu mara tano kwa wiki kwa siku 90, lingine likatumia kidonge cha luteini na zeaksanthini. Waliokula goji, ile rangi ya kinga kwenye makula iliongezeka. Ni habari nzuri. Ila tazama walichopima. Walipima rangi, hawakupima kama kuna aliyeona vizuri zaidi. Hawakuwa wagonjwa wa kisukari, wala hawakuwa na mishipa inayovuja. Rangi hiyo inahusika zaidi na ugonjwa mwingine, kuchakaa kwa makula kwa sababu ya uzee, na huko ndiko virutubisho vyenye luteini na zeaksanthini vimejaribiwa kwa maelfu ya watu. Hata huko hupunguza mwendo wa ugonjwa kwa waliokwisha kufika hatua fulani, haviponyi. Kwa tatizo la mama, ambalo hata jina lake bado hatulijui, sina cha kumwahidi kutoka kwenye goji.

Kuhusu kutibu kisukari nitasema machache. Goji ina polisakaridi, aina ya sukari ndefu ambazo watafiti huzichuja na kuzijaribu. Mwaka 2015 huko China wagonjwa 67 walishiriki kwenye jaribio la miezi mitatu, na sukari ya waliopewa mchujo huo ilishuka kiasi. Ni jaribio dogo, la mchujo uliopimwa, halikusema mtu aache dawa. Goji kavu yenyewe karibu nusu ya uzito wake ni sukari, kiasi cha gramu 46 kwa kila gramu 100. Kiganja kimoja cha gramu 28 ni kama vijiko vitatu vya chai vya sukari. Si balaa kwa sababu kina nyuzinyuzi pia, lakini ukiikamua kuwa juisi, nyuzinyuzi zinabaki kiwandani na sukari inakuja kwenye chupa, mara nyingi pamoja na juisi ya zabibu au tufaha. Isome lebo, utashangaa goji iko namba ngapi. Halafu kuna glibenklamidi, dawa inayoweza kumshusha mzee sukari kupita kiasi, na kuiongezea kitu kingine kinachosukuma upande huo huo bila kipimo ni kutafuta jasho jembamba la saa nane usiku, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Ukiona hivyo, mpe kinywaji chenye sukari haraka kama anaweza kumeza, kisha mpime.

Hizo mara 500 za vitamini C sijui nani alizianzisha, ila hesabu yake inachekesha. Gramu 100 za chungwa zina kama miligramu 53. Zidisha mara 500, unapata zaidi ya gramu 26. Yaani robo ya uzito wa kila punje ingekuwa vitamini C tupu, na goji ingekuwa chachu kuliko ukwaju. Ukweli ni kwamba goji kavu ina miligramu 48 hivi kwa gramu 100, karibu sawa na chungwa lenyewe, na hakuna anayekula gramu 100 za goji kwa siku. Pera moja la uani linaishinda mbali. Utakutana pia na namba za ORAC kwenye pakiti, za kuonyesha "nguvu ya kupambana na sumu". Wizara ya Kilimo ya Marekani ililiondoa jedwali lake la namba hizo mwaka 2012 kwa sababu kinachopimwa kwenye chupa ya maabara hakikutabiri kinachotokea mwilini, na watu walikuwa wakilitumia kuuzia bidhaa. Kuna na kile kisa cha Li Qingyun, Mchina aliyefariki mwaka 1933 akidaiwa kuwa na miaka zaidi ya 250 kwa sababu ya kula goji. Nacho huuza sana. Na nguvu za kiume, ambazo hukuziuliza lakini jirani yenu hatakosa kuzitaja: Wachina wana msemo wa zamani kwamba ukiwa safarini mbali sana na nyumbani usile goji. Ni utani mzuri. Utafiti wa kuaminika kwa binadamu sijauona.

Ukimnyang'anya mama goji bila kumpa kitu mkononi, atarudi kwa jirani. Mpe hiki. Luteini imejaa, na zeaksanthini ipo kidogo, kwenye mboga zetu za majani ya kijani kibichi, mchicha, matembele, majani ya maboga, sukumawiki, na zimo kwenye kiini cha yai, ambako ni chache lakini huingia vizuri kwa sababu ya mafuta yaliyomo. Zeaksanthini yenyewe jina lake limetokana na mahindi, Zea mays, kwa sababu ndiyo inayoyafanya mahindi ya njano yawe ya njano. Sembe yetu nyeupe karibu haina kabisa. Wazee wa Tanzania wanaukumbuka ule unga wa njano uliotoka ng'ambo miaka ya njaa, waliouita unga wa Yanga, na walivyoudharau. Kumbe kwa macho ulikuwa na sifa ambayo mweupe hauna. Ukipata mahindi ya njano sokoni, mchemshie mama au mchanganyie kwenye uji, kwa kiasi kilekile cha wanga alichopangiwa.

Hapo kwenye mboga nina tahadhari moja, kwa sababu ya warfarini tena. Majani ya kijani yana vitamini K, ambayo huipinga warfarini. Wengi wakisikia hivyo huacha mboga kabisa, na hilo ni kosa. Dozi ya mama hupangwa kulingana na anavyokula. Kinachovuruga INR ni kubadilika ghafla, wiki hii hakuna jani, wiki ijayo mchicha kutwa mara tatu. Kama amezoea kula mchicha bakuli moja dogo kila siku, aendelee hivyo hivyo. Kama hali kabisa na sasa anataka kuanza, aanze kidogo, abaki hapo, na kliniki iambiwe. Mboga zipikwe na mafuta kidogo au tui, maana, kama nilivyosema, rangi hizi haziingii vizuri mwilini bila mafuta.

Nije kwako sasa. Kwa umri wako, bila ugonjwa wala dawa, unaweza kula. Usile ukiwa mjamzito, kwa sababu tu usalama wake kwa mimba haujachunguzwa vya kutosha, na mimba si mahali pa kujaribia. Kama una mzio wa nyanya, pichi au karanga, anza na punje mbili tatu na uone, maana huko Hispania wamepatikana watu ambao mzio wao wa vyakula hivyo ulihamia kwenye goji. Mwenye pumu awe makini na goji iliyofukizwa salfa ili ibaki nyekundu, inaweza kumbana kifua. Watu huniuliza pia kama ina sumu kwa kuwa ni ndugu wa mimea yenye atropini. Ilipimwa, na kilichopatikana kilikuwa kidogo mno, hakiwezi kudhuru. Hiyo ni goji ya kulimwa, lakini. Vichaka vya jamii yake vinaota porini huku kwetu, na Oman Waarabu wana chao wanachokiita ausaji. Usichume cha porini ukakiita goji.

Ifungue ile pakiti uiangalie. Goji nzuri ina wekundu uliofifia na usiolingana, na punje nyingi zina doa jeupe pale kikonyo kilipokuwa. Ikiwa zote zinang'aa wekundu mmoja kama shanga, na ukizitia kwenye maji ya baridi yakageuka mekundu haraka, zimepakwa rangi, zitupe. Maji ya goji halisi huwa ya manjano kuelekea rangi ya chungwa. Zikinuka kama kiberiti kilichowashwa, hiyo ni salfa. Nyeusi, kama mjomba alileta na hizo, ni tunda jingine la jamii hiyo. Rangi yake ni ya zambarau na huyeyuka majini, na haihusiani na haya tuliyozungumza kuhusu zeaksanthini. Hifadhi pakiti kwenye chombo kinachofunga vizuri, mahali pakavu pasipo jua, maana goji hunywa unyevu na kugandamana, na kwa joto la pwani huota ukungu haraka.

Kiasi cha kutosha ni kiganja kisichojaa, gramu 15 hadi 28, na si lazima kila siku. Zioshe, ziloweke dakika kumi kwenye maji ya vuguvugu hadi zilainike. Asubuhi zile pamoja na yai la kuchemsha au parachichi, au zitie kwenye uji wenye maziwa. Kwenye chai ni sawa, ila zitafune mwishoni. Mimi nazipenda zaidi kwenye supu ya kuku wa kienyeji yenye tangawizi, zikiingia dakika kumi za mwisho, kwa sababu zikichemka muda mrefu hupasuka na kuleta uchachu. Ukiipika hiyo kwa familia nzima, supu ya mama ipakue kwenye bakuli lake kabla hujazitia.